Je, wajua kwa nini Unguja ilirusha mbung'o kwa ndege ili kuwamaliza?

Mbung'o, nzi mnyonya damu, ndiye aliyekuwa akiwatesa ng'ombe wa Unguja kwa ugonjwa wa nagana. Akishanyonya damu ya mnyama mgonjwa, huchukua vimelea vya tripanosoma na kumtia mwengine. Ng'ombe hukonda, maziwa hukatika, na maksai wa gari hushindwa kuvuta. Pemba haikuwa na mdudu huyu. Unguja alikuwapo wa aina moja tu, Glossina austeni.

Kumpiga sindano ng'ombe anayeumwa humsaidia yeye, lakini mbung'o yuko pale pale malishoni. Na dawa ikitolewa mara kwa mara kwa kipimo pungufu, vimelea huizoea. Kwa hiyo akaandamwa mbung'o mwenyewe: ng'ombe walimwagiwa mgongoni dawa ya kuua wadudu, na vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa vikatundikwa. Mbung'o walipungua sana, isipokuwa msitu wa Jozani. Mule mbung'o wana nguruwe mwitu na paa wa kuwanyonya damu, na nani atamkamata paa ampake dawa?

Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kisha huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Basi mbung'o wakafugwa Tanga, madume wakapigwa mionzi ya kuwatia utasa, na kuanzia 1994 ndege ikawamwaga juu ya Unguja, takriban milioni 8 kwa jumla. Serikali ilisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Ninachokistahi zaidi ni mpangilio wa kazi. Dawa huua kwa wingi mbung'o wakiwa wengi, kisha huelemewa na wale wachache waliojificha. Madume tasa ni kinyume: majike wa msituni wakizidi kupungua, ndivyo kila mmoja anavyozidi kuangukia dume asiyezalisha. Na bahari ikawa ua, mbung'o wa bara asiweze kuvuka kuja kujaza nafasi.

Mbung'o wa mwisho wa msituni alinaswa Septemba 1996. Hata hivyo madume tasa waliendelea kumwagwa hadi Disemba 1997, kwani buu akishajizika ardhini hukaa mwezi hivi kabla ya kutoka na mbawa, na huko hakuna mtego unaomfikia.