Bakteria, virusi na vimelea si "wadudu" wa aina moja

Kiangazi kinapopamba moto Dodoma na upepo ukaanza kuinua vumbi, wengi wenye mafua hukimbilia duka la dawa kuomba vidonge vya rangi mbili, wakiamini kwamba antibiotiki huua kila "mdudu" aletaye maradhi. Imani hiyo si sahihi. Bakteria ni kiumbe hai mwenye seli moja inayojitegemea, na penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, humuua kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wa seli hiyo. Kirusi hakina seli wala ukuta. Huingia ndani ya seli zetu na kuzitumia kuzaliana, ndiyo maana antibiotiki kama amoksilini haiwezi kutibu mafua, ambayo huletwa na virusi na kwa kawaida hupona yenyewe. Vumbi nalo huwasha pua na koo, lakini halizalishi virusi.

Trakoma, ugonjwa wa macho uliowatesa watu wa Kongwa, wilaya ya mkoani Dodoma, kwa miaka mingi, ni jambo jingine. Huletwa na bakteria, ambaye huhamishwa na vidole, na kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto kadhaa, na nzi wanaotua kwenye tongotongo. Hapa antibiotiki iitwayo azithromaisini inafaa kweli, ikiambatana na kunawa uso kwa maji safi.

Malaria haiingii katika makundi hayo mawili: husababishwa na kimelea wa seli moja, Plasmodiamu, anayeenezwa na mbu jike wa Anofelesi, na hutibiwa kwa dawa mseto. Si kila homa ni malaria. Homa ni dalili, na ndiyo sababu kipimo hutangulia dawa.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ile ya "mwili wangu umeizoea dawa". Wanaokuwa sugu ni bakteria wenyewe, wala si mwili. Dawa ikiwaua walio dhaifu, wale wachache ambao mabadiliko ya vinasaba yamewapa kinga hubaki, wakazaliana na kuenea kwa watu wengine, hata kufikia mtoto mchanga ambaye hajawahi kupewa dawa hiyo. Kwa hiyo maambukizi yasiposikia dawa, maabara ya hospitali huotesha sampuli ya mkojo au usaha, kisha huwajaribu bakteria walioota kwa antibiotiki mbalimbali ili kubaini ipi bado inawaweza.