Je, dawa za "kulainisha damu" huifanya damu iwe nyepesi?

Mama anamenya matooke, kisu kinateleza. Kwa kuwa anatumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, damu inachelewa kukata, na jirani anasema: "Damu yake imekuwa maji." Hapana. Damu yake ni nzito kama ya jirani huyo. Kilichopungua ni kasi ya kuganda.

Mshipa ukikatika, chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu, hukimbilia pale na kushikamana. Hicho ni kiraka cha kwanza, tena dhaifu. Kisha protini zilizomo kwenye damu huamshana moja baada ya nyingine, hadi zifume nyuzi za fibrini zinazokikaza kiraka hicho. Aspirini huvuruga hatua ya kwanza, na chembe iliyoguswa nayo haiponi tena mpaka ife, baada ya siku 7 hadi 10 hivi.

Warfarini huenda mbali zaidi, hadi kwenye ini. Humo hutengenezwa protini nne za kugandisha ambazo haziivi bila vitamini K, na dawa hii huuzuia mwili kuirudisha vitamini hiyo kazini. Lakini protini za zamani bado zinazunguka mwilini, ndiyo maana kidonge cha leo huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Asili ya warfarini ni uchunguzi wa ng'ombe wa Marekani na Kanada waliovuja damu hadi kufa miaka ya 1920 kwa kula majani yaliyoota ukungu. Mwaka 1948 warfarini iliuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu.

Sumu na dawa hapa hutofautiana kwa kiasi tu, na kiasi hicho hupangwa kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kadiri gani. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye vali bandia za moyo juu kidogo. Ikishuka, donge la damu laweza kuziba mshipa wa ubongo. Ikipanda mno, damu yaweza kuvujia ndani bila jeraha lolote. Septrin na Flagyl, ambazo wengi wetu hujinunulia tu dukani, huipandisha.

Na dodo, yaani mchicha? Ina vitamini K kwa wingi, hivyo wengine huambiwa waiache kabisa. Naona huko ni kumwonea mgonjwa bure. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu daktari alipopanga vidonge vyake, dodo ilikuwa tayari imo mwilini.