Msafara wa baiskeli wa siku nzima: yanayosemwa na yalivyo

Msafara wa Tour d'Afrique ulianza 2003. Huondoka Cairo kwenda Cape Town, maelfu ya kilomita kwa takriban miezi minne, na kwa miaka mingi umepita kwetu: Moyale, Nairobi, Namanga, Arusha. Wanaoutazama kutoka kando ya barabara hubaki na maelezo yao, na mengi si ya kweli. Hapa nachukua siku moja tu, ya Namanga hadi Arusha, karibu kilomita 110 za lami. Mtu wa kawaida mwenye baiskeli nzima na miezi michache ya mazoezi anaweza kuimaliza siku hiyo, na inaniuma kuona watu wakijinyima kwa sababu ya porojo.

"Hayo ni mashindano, ni ya vijana wenye mapafu ya chuma." Wapo wanaokimbizana na saa, lakini wengi wa msafara hawashindani na yeyote, na wamo wengi waliovuka miaka 50. Mwendo sahihi unaupima kwa mdomo wako mwenyewe: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Anayetoka Namanga alfajiri kwa pupa, kwa kuwa asubuhi kuna ubaridi na miguu bado ina nguvu, huilipa pupa hiyo baada ya Longido, pale barabara inapopanda kuelekea Oldonyo Sambu, begani mwa Mlima Meru, jua likiwa utosini. Mlima ule si mkali, ila ni mrefu. Weka giya nyepesi mapema, miguu izunguke upesi bila kukandamiza pedali, na magoti yatakufikisha Ngaramtoni yakiwa salama.

"Mwenye nguvu akae mbele siku nzima." Hili ndilo linaloharibu makundi mengi. Kwenye barabara tambarare, kadiri mwendo unavyopanda, ndivyo kazi kubwa inavyokuwa ya kupasua upepo. Aliye nyuma ya mwenzake kwa karibu hupunguziwa robo au hata theluthi ya kazi hiyo. Ndiyo maana watu hupokezana: wa mbele anavuta dakika chache, anajitoa pembeni bila kukaza breki, anaachia wenzake wapite, kisha anajishikiza mkiani. Akijifanya simba akang'ang'ania mbele, mchana kundi zima litakuwa linamsubiri yeye.

Lakini kukaa nyuma kuna masharti. Huoni barabara, unaona mgongo wa mtu, kwa hiyo macho yako ni mkono wake. Tazama kundi lililozoeana likikaribia shimo: mkono wa mtu wa kwanza unashuka kando ya paja, kidole kinaonyesha chini, wa pili anarudia, wa tatu anarudia, mpaka ishara inafika kwa wa mwisho kabla tairi lake halijafika shimoni. Rasta na matuta hutangazwa kwa sauti. Wa mwisho naye ana kazi yake, kupaza "Lori nyuma!" ili wote wajipange mstari mmoja upande wa kushoto. Na usiliache tairi lako la mbele lipite ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzako. Mkigusana, yeye anaweza kuendelea na safari, wewe ndiye utakayelala kwenye lami.

"Kula ukisikia njaa." Ukisubiri njaa umeshachelewa. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini haitoshi kwa siku nzima, na ikiisha miguu inakuwa mizito ghafla, kichwa kinazunguka, na hata mtu mpole anaanza kugomba. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina karibu gramu 25. Chapati, kashata, viazi vilivyochemshwa na chumvi, vyote vinafaa, na si lazima ununue vyakula vya pakiti vya bei kali.

"Kunywa maji mengi uwezavyo." Maji mengi bila chumvi yanaweza kuidhuru damu kwa kupunguza kiwango cha sodiamu. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kuliko kawaida. Kunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo, na ule kitu chenye chumvi.

Kuhusu siti laini kama mto: inabonyea, inakusugua, na ikifika mchana umechubuka. Siti ngumu kiasi, yenye upana wa kubeba mifupa ya makalio, pamoja na kaptula yenye pedi inayovaliwa bila chupi, ndiyo dawa. Tairi nalo usilijaze mpaka liwe jiwe. Kwenye njia mbovu, upepo uliopungua kidogo huliwezesha kumeza mitikisiko ambayo vinginevyo ingeishia mabegani kwako.

"Kupanda gari la msafara ni aibu." Gari lipo kwa ajili hiyo. Anayeharisha au aliyeanza kutapika kwa joto akilazimisha kuendelea na baiskeli, anawaweka hatarini wote walio nyuma yake. Anayemzomea hajui kazi ya kundi.

"Ukifika umemaliza." Bado. Kaptula ifuliwe jioni hiyohiyo, la sivyo unaweza kupata majipu. Cheni ifutwe vumbi na kutiwa oili. Ule vizuri kabla hujalala, kisha kikao kifupi: kesho maji yako wapi, mlima unaanzia wapi, nani anaumwa. Halafu pancha. Nchi ya Longido ni ya migunga, na miiba yake hukatikia ndani ya mpira. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, maana mwiba uliobaki humo utaitoboa tyubu mpya mara tu mtakapoanza safari.