Fremu mbili mbele: kusaka kosa la taimukodi unapohamishia video kwenye kanda

Taimukodi, yaani namba ya saa, dakika, sekunde na fremu (picha moja moja ya video) iliyorekodiwa kwenye kanda, ikikosea, usikimbilie menyu. Tazama kwanza kosa lina tabia gani. Lisilobadilika, fremu mbili leo na mbili kesho, linatoka kwenye mpangilio wa programu. Linalorukaruka, mara fremu moja, mara tatu, mara hakuna, linatoka kwenye ishara ya rejea (mapigo yanayofanya vifaa viende pamoja) au waya wa kuongozea deki, yaani mashine ya kanda. Linalokua kadiri kanda inavyosonga ni la hesabu ya fremu. Ukiyachanganya hayo utazungusha namba mpaka jua litue nyuma ya Bismarck Rock, mwamba wa ziwani Mwanza.

Anza na swichi ya CTL/TC/UB iliyoko kwenye deki. Ikiwa CTL unasoma kaunta tu, ikiwa UB unasoma namba alizoweka mtumiaji; taimukodi ni TC. Kisha swichi ya LTC/VITC: LTC ina njia yake pembeni mwa kanda na haisomeki kanda ikisimama, ilhali VITC imo ndani ya picha na inasomeka hata ukigandisha. Kwa kipimo hiki weka AUTO, deki ichague yenyewe.

Tengeneza klipu ya dakika moja yenye namba za taimukodi juu ya picha, ianze 10:00:00:00. Chukua kanda iliyokwisha rekodiwa picha nyeusi na kodi kuanzia 09:58:00:00, mfululizo bila kusimama, urekodi klipu hiyo kwa insati (kuingiza picha bila kugusa kodi iliyopo), pa kuingilia pawe 10:00:00:00. Asembo, yaani kurekodi kila kitu upya, haifai hapa: huandika kodi upya na inapoishia huacha pengo. Rudisha kanda, isimamishe deki inaposoma 10:00:05:00, kisha soma namba iliyo ndani ya picha. Ikiwa 10:00:05:02, picha imewahi fremu mbili; mwanzo wake umeangukia 09:59:59:23. Nenda kwenye mpangilio wa deki ndani ya programu, weka ofseti (fidia ya fremu) ya 2, rekodi tena. Kosa likigeuka 4, basi alama ya kujumlisha au kutoa imekaa kinyume, weka -2. Programu hazikubaliani kuhusu alama hiyo, kwa hiyo mimi hupima tu, kitabu cha maelekezo nakiacha pembeni. Rudia mara tatu. Majibu yakilingana, andika ofseti kwenye kipande cha plasta ukibandike juu ya deki, maana ukibadili kadi ya video au deki unapima upya.

Majibu matatu yasipolingana, achana na ofseti kabisa. Deki na kadi ya video lazima vipate ishara moja ya rejea kutoka chanzo kimoja, na kifaa cha mwisho kwenye mnyororo ndicho kifungwe kizuizi cha omu 75, si kila kifaa. Kwenye deki nyingi za Betacam (aina ya kanda za kazi za televisheni), taa ya STOP ikipepesa ni dalili kwamba rejea haipo au hailingani na picha inayoingia. Halafu kagua waya wa RS-422 wenye pini 9, ndio unaoongoza deki: kigeuzi cha bei rahisi cha USB huchelewesha amri kwa muda usiotabirika, leo hivi kesho vile. Priroli, yaani mwendo wa kanda kabla ya pa kuingilia, nayo iwe sekunde 5. Deki iliyochoka ipe 7, la sivyo inafika pa kuingilia kabla mwendo wa kanda haujatulia. Anayetumia FireWire, waya mmoja unaobeba picha na amri pamoja, asitarajie usahihi wa fremu. Kwa kazi hiyo tafuta SDI (waya wa picha ya dijitali) na RS-422.

Kosa linalokua hutokea mara chache kwetu kwa sababu kanda zetu ni za PAL, mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, na PAL haina kuruka namba. Likitokea, huwa ni kazi ya NTSC, mfumo wa Marekani wa fremu 29.97 kwa sekunde, ambao baadhi ya namba za kodi huweza kurukwa ili ilingane na saa halisi: upande mmoja unaruka namba, mwingine hauruki. Tofauti ni fremu 2 baada ya dakika moja, 18 baada ya dakika kumi, 108 baada ya saa.

Kodi ikikatika ghafla katikati ya kanda, safisha hedi (vichwa vinavyosoma kanda) kabla ya kulaumu kompyuta. Kanda iliyovuka na kivuko cha Kamanga asubuhi kwenye upepo wa ziwa isiingizwe moja kwa moja kwenye deki. Iache chumbani saa kadhaa, unyevu usije ukaigandisha kwenye ngoma ya hedi. Deki na kompyuta vyote viwe kwenye UPS. Umeme ukipepesa wakati wa kurekodi MiniDV (kanda ndogo za dijitali), ukianza tena pasipo na kodi namba hurudi 00:00:00:00: rudisha nyuma sekunde chache, anzia juu ya kodi iliyopo.