Txosna ni nini?

Txosna (soma «chosna») ni kibanda cha muda kinachojengwa mtaani wakati wa sherehe za kiangazi katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa. Humo huuzwa vinywaji na chakula, muziki hupigwa kwa sauti ya juu, na watu hucheza mbele yake mpaka alfajiri. Ukiishia hapo utadhani ni baa ya mtaani tu. Lakini txosna haina tajiri. Inaendeshwa na kikundi cha wakazi wanaojitolea, hakuna anayelipwa mshahara, na faida hurudi kwenye shughuli za kikundi au za jamii. Mgeni anayetaka kuzielewa sherehe za Wabaski aanzie hapa, kabla hajaanza kupiga picha masanamu na fataki.

Mfano ulio wazi zaidi ni Bilbao. Jiji hilo lina sherehe iitwayo Aste Nagusia, yaani Wiki Kuu, inayoanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 Agosti na kuchukua siku tisa. Kwa sura yake ya leo ilianza mwaka 1978, na mwaka huo haukuja kwa bahati tu. Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, alikufa mwaka 1975. Chini ya utawala wake lugha ya Kibaski ilikandamizwa na mikusanyiko ya watu ilitazamwa kwa jicho la mashaka. Sherehe za Agosti zilikuwepo, ila uzito wake ulikuwa kwenye mapigano ya fahali na maonyesho ya ukumbini, mambo ya mwenye tiketi. Udikteta ulipoondoka, watu walitaka barabara iwe yao. Wakaunda vikundi viitwavyo konpartsa, na kila konpartsa ikajenga txosna yake. Baadhi ya vile vya mwanzo, kama Txomin Barullo, vipo hadi leo.

Kazi huanza kabla ya sherehe yenyewe. Katika Arenal, eneo la wazi kando ya mto Nerbioi karibu na mji mkongwe, wanachama husimamisha mabomba ya chuma, hugongomea mbao, huvuta nyaya za umeme na kupaka rangi sehemu ya mbele. Hiyo sehemu ya mbele usiipite haraka. Ndipo konpartsa inaposema la moyoni: kodi za nyumba zilizopanda, haki za wanawake, mazingira, lugha, wanasiasa waliochorwa vibonzo. Kwa sababu hiyo halmashauri ya jiji na konpartsa zimewahi kuvutana zaidi ya mara moja kuhusu nini kionyeshwe na nani apewe nafasi. Kwa maoni yangu mvutano huo ni dalili ya uhai. Sherehe isiyomkera mkubwa yeyote mara nyingi huwa imeshanunuliwa.

Zamu hupangwa mapema: nani atasimama kaunta, nani atabeba barafu, nani atafagia asubuhi. Mwalimu, fundi bomba na mwanafunzi wa chuo wanaweza kukutana kaunta moja saa nane usiku, wote wamelowa bia mikononi. Huu ni msaragambo kabisa, na Wabaski wana jina lao la kazi ya namna hiyo, auzolan.

Sasa tuseme umefika kaunta. Kinywaji maarufu ni kalimotxo, divai nyekundu iliyochanganywa na kola, nusu kwa nusu, pamoja na barafu. Mara nyingi hununuliwa katika glasi kubwa ya plastiki iitwayo katxi, na haikusudiwi mtu mmoja: inapita mkono kwa mkono ndani ya kuadrila, kundi la marafiki ambao huenda wamekuwa pamoja tangu shule ya msingi. Glasi yenyewe unailipia dhamana, kama ile hela ya chupa tunayoacha dukani tukinunua soda. Ukiirudisha, unarudishiwa pesa yako. Utaona watu wameifunga kiunoni kwa kamba ili isipotee.

Asiyekunywa pombe hatabaguliwa, kwani maji na soda zipo. Kwenye chakula ndipo Mwislamu anapaswa kuuliza kwanza. Kitu kinachopendwa sana ni talo, mkate mwembamba wa unga wa mahindi unaookwa juu ya bamba la chuma lenye moto, lakini kwa kawaida hukunjiwa txistorra, soseji nyembamba ya nguruwe yenye pilipili nyekundu. Talo yenye jibini pia hupatikana.

Sherehe ina mengine ambayo hayauzwi kaunta. Kwenye ufunguzi, mbele ya ukumbi wa Arriaga, fataki ya kwanza hurushwa, kisha Marijaia hutokea kwenye roshani: sanamu la mwanamke mnene wa sketi pana, mikono juu, lililobuniwa na msanii Mari Puri Herrero mwaka huohuo wa 1978. Mchana ni wa watoto. Sanamu la jitu liitwalo Gargantua huwameza kwa mdomo, nao huteleza ndani ya tumbo lake na kutokea nyuma wakipiga kelele za furaha. Kuna pia wapasua magogo kwa shoka na wanyanyua mawe, na kuna bertsolari, mshairi anayepewa mada papo hapo na kuiimba kwa vina bila kuandika hata mstari mmoja.

Agosti 1983 iliuonyesha upande mwingine wa mtaa uliozoea kujipanga. Tarehe 26, katikati ya Aste Nagusia, mvua kubwa iliufurisha mto, maji yakaingia Arenal na mji mkongwe na kuharibu kila kilichokuwa njiani. Watu wa jiji walishika koleo na mafagio kuondoa tope. Sherehe ilirudi mwaka uliofuata. Ilikosekana tena mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya Uviko, ikarudi 2022.

Ukipanga kwenda, hakuna kiingilio. Funga kitambaa cha bluu shingoni kama wenyeji. Weka simu mfuko wa mbele, maana msongamano wa usiku ni mkubwa. Mwanamke akisumbuliwa, atafute kituo chenye alama ya zambarau, ambapo kuna watu wa kumsaidia. Vituo hivyo vimewekwa katika sherehe nyingi za Wabaski, na konpartsa nazo hulichukulia jambo hilo kwa uzito. Na ukitaka kujua pesa yako inakwenda wapi, muulize anayekuhudumia. Atakueleza kwa urefu, hata foleni ikiwa ndefu.