Anyolaiti ya Longido: Kijani na Wekundu Katika Jiwe Moja

Mtu anayeishika anyolaiti kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani kuwa imepakwa rangi. Uso wake ni wa kijani kibichi, na juu yake yametapakaa mabaka ya wekundu unaoelekea zambarau, baadhi yakionyesha wazi umbo la pembe sita, huku madoa na michirizi myeusi ikipenya katikati. Hakuna aliyepaka kitu. Kijani ni madini ya zoisaiti, jamii ileile ya tanzanaiti ya Mererani. Wekundu ni yakuti. Na weusi ni hornblendi.

Jiwe hili huchimbwa wilayani Longido, mkoani Arusha, hususan Mundarara, na jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya kijani. Ni mwamba geu uliozaliwa kina kirefu ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara yalipogongana na kuujenga Ukanda wa Msumbiji, ambao miamba yake imepita Afrika Mashariki kutoka kusini hadi kaskazini. Joto na mgandamizo viliyapanga upya madini ya awali mahali palipokuwa na alumini ya kutosha na silika (muungano wa silikoni na oksijeni) haba, kwa kuwa yakuti, ambayo kimsingi ni alumini na oksijeni tu, haioti penye silika ya ziada.

Linalonishangaza hadi leo ni kwamba rangi zote mbili zina asili moja. Chembe za kromi ndizo zinazoipa yakuti wekundu, na kromi hiyohiyo, ikiingia katika zoisaiti ambamo atomi zimejipanga vingine, huleta ukijani.

Kwa fundi, hata hivyo, hili ni jiwe la kero. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, yakuti ina ugumu wa 9, ilhali zoisaiti iko kati ya 6 na 7, hivyo msasa wa kawaida hula kijani upesi na kuuacha wekundu. Pitisha kidole juu ya kinyago kilichong'arishwa kwa haraka, nawe utazigusa yakuti zimeinuka kama vipele. Kwa sababu hiyo mafundi makini hutumia unga wa almasi.

Mnunuzi naye asilichanganye na jiwe la India lenye yakuti ndani ya ulanga wa kijani. Hilo humetameta kwa vigamba, mara nyingi yakuti zake huzungukwa na utepe wa buluu, na kijani chake hukwaruzika kwa ncha ya kisu bila taabu.