Kuuguliwa si kuuguza

Kuuguliwa ni kuwa na mgonjwa aliye wako, basi. Nisingeongeza neno kama katika semina ya wazazi wenye watoto wanaougua maradhi ya akili mwezeshaji asingalirudia, kwa mara ya nne, kwamba "wazazi wanaouguliwa wapangiwe zamu ili wapumzike".

Mzizi ni mmoja, -ugua, ila matawi yameelekea pande mbili. Kauli ya kutendesha imetupa -uguza, kitenzi cha ajabu kidogo, kwani kwa kanuni kingemaanisha kumfanya mtu augue, ilhali maana yake ni kumhudumia anayeugua, na humo ndimo alimotoka muuguzi. Tawi la pili limepitia kauli ya kutendea, -ugulia, likaishia -uguliwa, na hapo anayetajwa hafanyi kazi yoyote: jambo limempata mwingine nalo limemwangukia yeye, kama mtu anavyofiwa, anavyonyeshewa au anavyokimbiwa na mke. Aliyefiwa siye aliyekufa, wala si lazima awe ndiye aliyeshika jembe makaburini.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mwaka 1966 Hoenig na Hamilton, watafiti wa Uingereza waliochunguza kaya zenye wagonjwa wa skizofrenia, mojawapo ya maradhi ya akili, walitenganisha mzigo unaoonekana, kama vile gharama na kazi za nyumbani kuvurugika, na mzigo anaouhisi mwanakaya mwenyewe, wakakuta kwamba viwili hivyo haviendi sambamba kila mara. Sisi tulikuwa na vitenzi vyake tayari.

Namjua mama mmoja wa Dar es Salaam ambaye binti yake wa miaka 15 anaishi kwa shangazi yake Morogoro. Shangazi ndiye anayehesabu vidonge vya jioni na kumsindikiza kliniki, kwa hiyo ndiye anayeuguza, na kweli anastahili kupokewa zamu. Mama hamuuguzi mtu, lakini simu ikilia baada ya saa nne usiku huipokea akiwa amekwisha kusimama. Watu humuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" na huishia hapo.

Kwa hiyo namwomba mwezeshaji wetu, ambaye nia yake ni njema kabisa, awapangie zamu wanaouguza, kisha awageukie wanaouguliwa, ambao baadhi yao ni wale wale, awaulize wao wenyewe wamelalaje.